Paneli ya Sola ya Kukunja: Jinsi ya Kujaza Betri Mahali Pasipo na Umeme

Paneli ya sola ya kukunja ni vipande viwili, vitatu au zaidi vya sola vilivyoshonewa kwenye kitambaa kigumu na kuunganishwa kwa nyaya zinazopita ndani ya mikunjo. Ikifungwa hubebwa kama mkoba. Ikifunguliwa hutandazwa juu ya mwamba, huegemezwa kwenye mti au hufungwa kwa kamba kwenye hema. Kazi yake ni moja: kujaza betri mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika.

Wanaoihitaji zaidi ni watu ambao kazi yao haiwaachi wakae mahali pamoja. Warina asali hupiga kambi kwa wiki nzima au zaidi katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Wafugaji huhama na mifugo kufuata malisho na maji. Waongoza watalii na wapagazi hulala siku kadhaa kwenye kambi za Mlima Kilimanjaro. Watafiti wa wanyamapori na wahudumu wa afya wanaozunguka vijiji vya mbali nao hutegemea vifaa vinavyokula chaji kila siku. Paneli ya kioo inayofungwa juu ya bati haiwafai watu hawa, kwa sababu hawawezi kuhama na bati.

Hata hivyo, wengi wanaonunua paneli ya kukunja huvunjika moyo mapema. Sababu mara nyingi ni kwamba ilinunuliwa kwa kufuata namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi, bila kujua ile namba inamaanisha nini na betri inayosubiri kujazwa inahitaji nini.

Kilichomo ndani ya paneli

Kila kipande cha paneli kina seli, yaani vibamba vyembamba vya silikoni. Mwanga wa jua ukiipiga seli, huzisukuma elektroni na kuzalisha mkondo wa umeme. Mfaransa Edmond Becquerel alikuwa wa kwanza kuona kwamba mwanga unaweza kuzaa umeme, mwaka 1839. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya maabara ya Bell nchini Marekani kutengeneza seli ya silikoni yenye manufaa, mwaka 1954. Seli hiyo iligeuza karibu asilimia 6 tu ya nguvu ya jua kuwa umeme. Miaka minne baadaye seli za aina hiyo zilirushwa angani kwenye setilaiti ya Vanguard 1. Seli nzuri zinazouzwa leo hugeuza kati ya asilimia 20 na 23.

Seli moja hutoa takriban nusu volti, kiasi kisichotosha kuchaji chochote. Kwa hiyo seli hupangwa kwa mfuatano: seli 36 zikiungwa hivyo hutoa karibu volti 18 zinapofanya kazi, na ndiyo maana paneli nyingi za kuchaji betri ya volti 12 huwa na kipimo hicho. Volti lazima ziwe juu kidogo ya zile za betri, la sivyo umeme hautaingia.

Tofauti kubwa kati ya paneli ya kukunja na ile ya kawaida ni kilichofunika seli. Paneli ya kawaida ina kioo kinene na fremu ya alumini. Ya wati 100 huwa na uzito wa kilo 6 hadi 8. Ya kukunja hufunikwa kwa plastiki angavu, na nyingi za wati 100 huwa kati ya kilo 3 na 5. Plastiki bora zaidi ni ile inayoandikwa ETFE kwenye maelezo ya bidhaa. Ile ya bei ya chini, inayoandikwa PET, hupata ukungu na kubadilika rangi mapema inapopigwa na jua kali mwaka hadi mwaka.

Namba iliyoandikwa na umeme unaopatikana

Wati zinazoandikwa kwenye paneli hupimwa kiwandani chini ya taa maalumu, yenye mwanga wenye nguvu ya wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Hali hizo mbili ni nadra kukutana nje. Jua la kufikia wati 1,000 hupatikana saa chache za mchana, na saa hizo hizo ndizo seli zinapochemka. Kwenye jua la adhuhuri seli hufika nyuzi 60 au zaidi. Kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza nguvu ya paneli kwa karibu asilimia 0.3 hadi 0.4, hivyo joto pekee huweza kula zaidi ya asilimia 10 ya umeme. Ukiongeza vumbi, paneli isiyolielekea jua sawasawa na upotevu wa kwenye nyaya, paneli ya wati 100 hutoa kati ya wati 60 na 75 kwa muda mwingi wa mchana mwema. Hiyo haina maana kwamba ni mbovu.

Mnunuzi anaweza kuukamata uongo wa lebo kwa rula tu. Jua kamili huleta wati 1,000 kwa mita ya mraba, na seli nzuri hugeuza karibu asilimia 22 ya nguvu hiyo. Basi mita moja ya mraba ya seli haiwezi kutoa zaidi ya wati 220 hivi. Paneli ya wati 100 lazima iwe na eneo la seli la karibu nusu mita ya mraba, na kipande chenye ukubwa wa karatasi ya A4 hakiwezi kuzidi wati 14. Paneli ya ukubwa wa daftari iliyoandikwa wati 60 haiwezi kuzitoa, hata ikiwekwa juani Dodoma mwezi wa Oktoba.

Kipimo kinachomsaidia mtumiaji kuliko wati ni wati-saa, yaani wati zinazopatikana zikizidishwa kwa saa. Anayenunua umeme wa LUKU anakijua kipimo hiki kwa jina la uniti: uniti moja ni wati-saa 1,000. Sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya hupata wastani wa jua lenye thamani ya saa 4 hadi 6 za jua kamili kwa siku, na mikoa ya kati kama Dodoma na Singida iko upande wa juu. Paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za jua kamili, na ikipoteza karibu theluthi ya nguvu yake kwa sababu zilizotajwa, huvuna wati-saa 330 hivi. Kiasi hicho ni theluthi moja ya uniti kwa siku. Hakiwezi kupasha pasi wala kuchemsha jagi la umeme kwa muda wa maana, lakini kwa taa, simu na redio ni kingi.

Kuanza na hesabu ya matumizi

Hesabu sahihi huanzia kwenye matumizi na kuishia kwenye paneli. Kambi ndogo ya warina asali inatosha kuwa mfano. Wana simu mbili zenye betri ya 5,000 mAh, kila moja ikihitaji karibu wati-saa 19 kujaa; pamoja na upotevu wa kuchaji ni kama wati-saa 50 kwa zote mbili. Wana taa mbili za LED za wati 5, zinazowaka saa 4 kila usiku: wati-saa 40. Wana redio ya wati 3 inayosikilizwa saa 5: wati-saa 15. Jumla ni wati-saa 105 kwa siku.

Umeme unaoingia kwenye betri hautoki wote, kwa hiyo inafaa kuongeza robo na kupata wati-saa 130. Paneli ya wati 40 ingetosha kwa shida siku ya jua zuri. Ya wati 60 itatosha hata mawingu yakipita, na ndiyo ya kununua. Betri nayo inapaswa kubeba matumizi ya usiku mmoja na akiba ya siku moja ya mvua. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 20 ina wati-saa 256, na hiyo inawatosha.

Kwa mtu mwenye simu moja tu, betri kubwa haina haja. Paneli ya wati 20 hadi 30 yenye tundu la USB na pawabenki ya 10,000 mAh vinatosha. Pawabenki hiyo ina wati-saa 37, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea wakati wa kubadilisha volti, hujaza simu ya 5,000 mAh mara moja na nusu hivi, wala si mara mbili kama hesabu ya mAh inavyodanganya.

Ni vizuri pia kuchaji pawabenki mchana na simu usiku. Simu ikiungwa moja kwa moja kwenye paneli, kila wingu linapopita chaji hukatika na kurudi, na baadhi ya simu hushindwa kurejea kwenye kasi ya mwanzo. Pawabenki huvumilia hali hiyo vizuri zaidi, na mwenye simu anaweza kutembea nayo mchana kutwa.

Kulifuata jua

Faida kubwa ya paneli ya kukunja kuliko ile ya kwenye paa ni kwamba inaweza kugeuzwa. Paneli iliyolala chini saa mbili asubuhi hupata mwanga wa ubavuni na hutoa sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Paneli iliyopotoka nyuzi 30 kutoka uelekeo wa jua hupoteza asilimia 13 ya mwanga, na iliyopotoka nyuzi 60 hupoteza nusu. Kuigeuza mara tatu kwa siku kunatosha: asubuhi ielekee mashariki, kati ya saa tano na saa nane itazame juu, na alasiri ielekee magharibi.

Kipimo cha kuilenga hakihitaji kifaa cha dukani. Kalamu au kijiti kilichonyooka husimamishwa wima juu ya uso wa paneli, kisha paneli huinuliwa au kuinamishwa polepole mpaka kivuli cha kalamu kipotee kabisa. Kivuli kikipotea, paneli inalitazama jua uso kwa uso.

Misimu nayo ina athari. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Mwezi Desemba huwa upande wa kusini, nyuzi 17 hivi. Huko Nairobi, jirani zaidi na Ikweta, jua huyumba karibu sawa pande zote mbili. Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya Ulaya, wa kuielekeza paneli kusini mwaka mzima, haufai Afrika Mashariki.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko wingu. Seli zikiwa kwenye mfuatano, mkondo wa zote hubanwa na ile iliyo dhaifu. Kiganja cha mkono kilichofunika seli moja kinaweza kushusha ampea za paneli nzima hadi chini ya nusu, ingawa sehemu iliyofunikwa ni ndogo sana. Paneli nzuri huwa na diodi zinazouruhusu mkondo ukipite kipande chenye kivuli, lakini hata hivyo umeme wa kipande hicho hupotea. Chini ya mgunga wenye majani machache paneli huonekana iko juani, kumbe vivuli vya matawi vinaitafuna. Mahali palipo wazi kabisa, hata kama ni hatua 10 kutoka hemani, ni bora.

Hatua hizo 10, hata hivyo, hudai waya mnene. Paneli ya wati 100 hutoa karibu ampea 5.5. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, ukivutwa mita 10, hupoteza karibu volti 2.7 kwenda na kurudi, na hiyo ni asilimia 15 ya umeme wote. Waya wa milimita za mraba 4 hupoteza nusu volti tu.

Kati ya paneli na betri

Betri ya volti 12 haipaswi kuungwa moja kwa moja kwenye paneli. Paneli isiyo na mzigo hupanda hadi volti 21 au 22, na ikiachwa imeungwa kwenye betri ya risasi itaendelea kuisukuma hata baada ya kujaa, maji yachemke na sahani ziharibike. Betri ya lithiamu inaweza kuharibika vibaya zaidi. Kazi ya kuzuia hayo ni ya kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola.

Kontrola ziko za aina mbili. Ile ya PWM ni ya bei nafuu. Huiunganisha paneli na betri na kukata mkondo kila betri inapokaribia kujaa. Kasoro yake ni kwamba huilazimisha paneli kufanya kazi kwa volti za betri. Paneli ya volti 18 na ampea 5.5 ina wati 99, lakini ikishushwa hadi volti 13 za betri, ampea zikibaki zile zile, hutoa wati 71 tu. Kontrola ya MPPT huiacha paneli kwenye volti zake bora, kisha hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Kwa paneli ndogo ya wati 20 au 30 tofauti hiyo hailipi gharama. Kuanzia wati 100, MPPT hurudisha bei yake. Kontrola bandia ni nyingi sokoni: lebo inasema MPPT, ndani ni PWM. Iliyo halisi huwa nzito zaidi, kwa sababu ina koili kubwa ya shaba ndani.

Mpangilio wa kuunga una umuhimu wake. Betri huungwa kwanza, ili kontrola itambue kama ni ya volti 12 au 24, kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli hutolewa kwanza. Kuifunika paneli kwa khanga wakati wa kuunga huzuia cheche. Fyuzi huwekwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kwa sababu betri ikipata shoti hutoa mamia ya ampea kwa mara moja, na kambini waya unaowaka huchoma hema pamoja na nyasi zilizolizunguka.

Wanaotumia visanduku vya umeme vyenye betri, kontrola na inveta ndani yake hawana haja ya kontrola nyingine. Wanachopaswa kusoma ni volti za juu zinazoruhusiwa kuingia. Paneli mbili zikiungwa kwa mfuatano volti hujumlishwa na kufika 44. Zikiungwa sambamba volti hubaki 22 na ampea ndizo huongezeka. Kisanduku kinachopokea mwisho volti 28 kitaungua kikipewa 44.

Betri ipi na joto kiasi gani

Betri ya risasi, ikiwemo ya gari, ni rahisi kupatikana hadi vijijini. Udhaifu wake ni uzito na kutotaka kumalizwa: ikishuka mara kwa mara chini ya nusu hufa mapema. Ikiwa imepumzika, volti 12.7 humaanisha imejaa, na volti 12.2 humaanisha imebaki nusu na inataka chaji. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 ni ghali wakati wa kununua, lakini hukubali kutumika asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake na huchajiwa maelfu ya mara. Kwa anayebeba mizigo yake mgongoni, kwenye pikipiki au kwenye punda, uzito pekee unamaliza mjadala: betri ya ampea-saa 20 ya aina hiyo ina kilo mbili na nusu hivi. Kontrola inayotumika iwe na mpangilio wa lithiamu.

Kosa linaloua betri nyingi ni kuiacha simu au pawabenki juu ya paneli au kwenye mfuko wake juani. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na kitambaa cheusi cha paneli hupita kiwango hicho kwa urahisi juani. Mahali salama ni kivulini nyuma ya paneli, mahali penye hewa. Paneli yenyewe nayo inapoegemezwa ili upepo upite nyuma yake hutoa umeme zaidi ya iliyolazwa juu ya mchanga wa moto.

Utunzaji na maisha ya paneli

Paneli ya kukunja hufia kwenye mikunjo. Nyaya zilizopita humo hupinda kila siku mpaka zinakatika ndani kwa ndani, bila alama yoyote juu. Fundi huligundua tatizo kwa kuipima paneli juani huku akiuchezesha kila mkunjo taratibu: ampea zikiruka na kushuka, waya umekatika hapo. Paneli ikunjwe kwa mistari yake tu, ikiwa kavu, na isiwekewe mzigo juu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini chenye maji asubuhi kabla haijapata moto. Pwani, chumvi ya baharini hula viunganishi, hivyo vifutwe kwa maji baridi na kukaushwa. Kitambaa kinaweza kuvumilia manyunyu, lakini kile kisanduku cha USB nyuma ya paneli hakivumilii mvua.

Paneli za kioo huuzwa na dhamana ya nguvu ya hadi miaka 25. Hakuna ya kukunja inayokaribia hapo, na kwa kila wati bei yake huwa juu zaidi. Kwa familia yenye nyumba na paa, paneli ya kioo ndiyo chaguo la busara, na fedha inayobaki inunue betri bora. Ya kukunja ni ya mtu anayehama, na kwa mtu huyo thamani yake ni kubwa: mwanga usiku, simu ya kuita msaada mgonjwa anapozidiwa, na safari chache za kwenda mjini kulipia chaji.

Basi kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aandike wati-saa anazozihitaji kwa siku, apime eneo la seli kwa rula, na aombe paneli ifunguliwe nje juani ipimwe kwa mita. Muuzaji wa mali halali hana sababu ya kukataa. Anayekataa aachiwe paneli yake.